Printa ya waifai inakula bando au haili? Na haya maneno ya kwenye karatasi yake ni nini?

#1 Mama Ming'oko (Mtwara)
Wakuu, salama. Niko Chuno hapa Mtwara mjini. Nina meza ya kuprinti nyumbani, nachapia walimu mitihani na vijana wa chuo kazi zao. Mwezi uliopita nimeachana na printa ya waya nikanunua ya waifai, ile ya matangi ya wino. Nimeiunga kwenye ruta yangu ya laini ya simu na inatoa kazi vizuri.

Shida ni bando. Zamani bando la wiki lilikuwa linafika wiki. Sasa hivi siku ya nne limekata. Jirani yangu ananiambia kila ukurasa unaotoka unapita kwanza intaneti, kwa hiyo mtihani wa kurasa nne kwa watoto mia ni kurasa mia nne umezilipia bando. Nilikaa chini nikahesabu, nikaishiwa nguvu. Nachaji shilingi 200 kwa ukurasa. Nikitoa karatasi, wino na umeme, halafu na bando, nabaki na nini?

La pili. Nilishikilia kitufe kimoja, printa ikatoa karatasi yenyewe imejaa maneno: SSID, IP, DHCP, MAC, subnet mask, gateway, 2.4GHz. Anayejua anieleze kwa Kiswahili cha nyumbani. Nataka nikijue chombo changu. Nimechoka kuambiwa "zima, washa".

#2 Kibatari
Natia nanga hapa. Printa ya aina hiyo ninayo, na bando langu nalo silielewi.

#3 Fundi wa Ligula
Mama Ming'oko, jirani yako amechanganya vitu viwili ambavyo karibu kila mteja wangu anavichanganya: waifai na intaneti.

Waifai ni njia ya hewani kati ya vyombo vyako na ruta. Intaneti ni kile kinachoingia kwenye ruta kutoka nje, kwako wewe kupitia laini ya simu. Bando linahesabu kinachopita kwenye laini tu. Ukituma kazi kutoka kompyuta, inaruka hadi kwenye ruta, ruta inaipeleka kwa printa, mwisho. Haijatoka nje ya nyumba. Toa kurasa elfu, bando halijaguswa.

Kwa hiyo printa haili bando. Tafuta mwizi mwingine.

#4 Pweza wa Mikindani
Fundi, heshima yako, lakini hapo sikubaliani nawe. Printa yangu ilikula, nimeshuhudia. Nilikuwa natuma faili kwa barua pepe ya printa, maana printa hizi za siku hizi zina anwani yao ya barua pepe. Kila nikituma, salio la bando linashuka. Tena linashuka mara mbili, kwenda na kurudi.

#5 Fundi wa Ligula
#4 umesema kweli, na mimi niliandika kwa haraka. Njia hiyo ni tofauti. Faili linatoka simu yako, linakwenda kwenye kompyuta za mtengenezaji huko nje, linageuzwa, ndipo linarudi kwa printa. Hapo unalipa kupandisha na unalipa kushusha, hata kama simu na printa zipo meza moja. Google walikuwa na huduma ya namna hiyo, waliifunga mwisho wa 2020, lakini watengenezaji wengi wana ya kwao.

Mama, wewe unatuma kwa njia gani?

#6 Mama Ming'oko (Mtwara)
Kutoka kompyuta, nabonyeza kuprinti. Za simu nafungua faili WhatsApp halafu natuma kwa printa. Barua pepe ya printa sijawahi kuitumia, hata sikujua ipo.

#7 Mwalimu wa Newala
Niongezee ushahidi, kwa sababu jambo hili mimi sikulisoma, liliniokoa. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilipata hitilafu upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikazorota nchi nzima kwa siku kadhaa. Wengi mnakumbuka, hata ujumbe wa WhatsApp ulikuwa haufiki. Mimi nilikuwa na mitihani ya kujipima ya darasa la saba ya kutoa. Mwenzangu ofisini alisema "mtandao hakuna, hatuwezi kuprinti", akataka twende Masasi kutafuta printa ya waya.

Nikasema ngoja tujaribu. Taa ya waifai kwenye printa inawaka, taa ya intaneti kwenye ruta ni nyekundu. Nikatuma. Zilitoka zote, shule nzima, hakuna ukurasa uliokwama. Siku ile ndiyo nilielewa kwamba "mtandao hakuna" ni sentensi yenye maana mbili, na tunaitumia kama ina moja.

#8 Kibatari
Mwalimu umenikumbusha Mei ile. Kimbunga Hidaya kilikuwa kimetoka kupita, barabara imekatika kule Somanga, tona ya kutoka Dar haifiki. Hata printa ikiwa nzima, unaprinti kwa mkaa?

#9 Ngalawa 77 (Lindi)
Tuliandika kwa mkono hapa Lindi. Turudi kwenye uzi.

#10 Kondakta Mstaafu
Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba. Mimi si mtu wa kompyuta kwa kusomea, lakini njia ya Mtwara–Dar nimeila miaka mingi mlangoni. Mwanangu alinieleza maneno haya kwa mfano wa basi na hayajanitoka mpaka leo. Mama, chukua karatasi yako tuende nayo.

Ruta ni basi. SSID ni jina lililoandikwa ubavuni mwa basi, ndilo unalolitafuta stendi ili usipande la mwenzio. Paswedi ni tiketi. DHCP ni kondakta: ukiingia anakutazama, anakupa kiti. IP ndiyo namba ya kiti. Leo umekaa cha 12, kesho utakaa cha 30, abiria ni yule yule. MAC ni alama ya kidole chako, umezaliwa nayo, haifuati kiti.

Gateway ni mlango wa basi. Hapo ndipo jibu la bando lilipo. Abiria wa kiti cha 12 akitaka kumpa wa kiti cha 30 chupa ya maji, anahitaji mlango? Wanapitishiana humo humo ndani. Anayepita mlangoni ni anayeshuka Nangurukuru. Kompyuta na printa ni abiria wa basi moja.

#11 Kibatari
Kondakta, kwa mfano huu nakupa siti ya mbele.

#12 Herufi na Namba
Mfano mzuri, nirekebishe mawili matatu.

MAC ni tarakimu na herufi 12, mfano wa umbo lake 00:1A:2B na kuendelea. Printa inazaliwa nayo kweli. Simu siku hizi haziko hivyo: tangu Android 10 na iOS 14 simu inavaa MAC ya bandia kwa kila mtandao ili isifuatiliwe. Kwa hiyo "alama ya kidole" inafaa kwa printa, kwa simu inavaa glavu.

Subnet mask hukuigusa. Ndiyo inayosema basi linaishia wapi. Karatasi ya Mama bila shaka imeandika 255.255.255.0. Maana yake vyombo vyote ambavyo mafungu matatu ya mwanzo ya IP zao yanafanana wamo basi moja, na viti vya kugawa havizidi 254. Printa ikiwa 192.168.1.20 na kompyuta ikiwa 192.168.0.15, tayari ni mabasi mawili. Hazitaonana ingawa umezipanga meza moja.

Namba zinazoanza na 192.168 zilitengwa miaka ya 1990 kwa matumizi ya ndani tu. Ndiyo maana nyumba yako na ya jirani zote zina 192.168.1.1 na hakuna ugomvi. Na kama karatasi ya printa inaonesha 169.254 mwanzoni, jua printa ilipanda basi, haikumwona kondakta, ikajipa kiti yenyewe. Hapo hutaprinti kitu kupitia ruta.

#13 Mwalimu wa Newala
Mimi darasani ningetumia nyumba badala ya basi. Mwaka 2022 tuliwekewa namba kwenye milango kwa zoezi la anwani za makazi, kila mtoto anaelewa. IP ni namba ya nyumba.

#14 Kondakta Mstaafu
Mwalimu, nyumba yako ikibadilishiwa namba kila umeme ukikatika utaridhika?

#15 Mwalimu wa Newala
Nimekubali, lakini kwa printa ndivyo inavyotakiwa iwe, namba isibadilike. Tuone Mama anasemaje.

#16 Mama Ming'oko (Mtwara)
Nimewasoma wote mara mbili, asanteni. Karatasi ya wiki iliyopita inasema 192.168.1.105. Leo umeme ulikatika asubuhi, uliporudi kompyuta inasema printa haipo. Nimetoa karatasi nyingine, sasa ni 192.168.1.103. Kwa hiyo kondakta amenihamishia printa kiti na kompyuta bado inaita cha 105?

#17 Herufi na Namba
Ndiyo hasa. Umejitibu mwenyewe.

Dawa yake: ingia kwenye ruta kwa kuandika namba ya gateway kwenye kivinjari, tafuta sehemu ya DHCP, utenge namba moja kwa MAC ya printa. Kondakta akiiona MAC ile atakuwa anaipa kiti kile kile siku zote. Hapo Mwalimu wa Newala atapata nyumba yake.

#18 Ngalawa 77 (Lindi)
Sina uhakika kama ni hilo. Mimi printa yangu IP haijawahi kubadilika na bado kompyuta husema haipo. Kwangu ni foleni. Kazi moja mbovu ikikwama mbele, zote za nyuma zinasubiri na kompyuta inaandika printa haipo wakati ipo inaniangalia. Nafuta foleni yote, inarudi. Nawashauri mwanze na hapo kabla ya kuingia kwenye ruta, maana ukivuruga setingi za ruta utakosa hata huu uzi.

#19 Fundi wa Ligula
Zote mbili nimezikuta. Na ya tatu: ruta nyingi zina mtandao wa wageni. Umewapa watoto jina lile la pili la waifai, simu zao zinaingia intaneti safi, lakini printa hawaioni. Mtandao wa wageni umewekwa ukuta makusudi, abiria hawaruhusiwi kusemeshana. Nilitumia nusu siku kwa mteja mmoja Shangani kabla sijalitambua hilo.

#20 Pweza wa Mikindani
Kwangu ni kuta, na hili msilidharau nyie wa nyumba za tofali. Naishi nyumba ya zamani ya mawe ya matumbawe, ukuta mnene kama mkono wangu kuanzia kiwiko hadi vidole. Ruta sebuleni, printa chumba cha nyuma. Asubuhi inaonekana, mchana inapotea. Nilibadilisha draiva (programu ya kompyuta ya kuiendesha printa), nikafuta foleni, nikatenga namba kama #17 alivyosema, haikusaidia. Nilipoisogeza ruta korido, mlango kwa mlango na printa, tatizo likaisha. Bati la darini nalo linachangia, mawimbi yakigonga chuma hayapenyi.

#21 Herufi na Namba
#20 ruta yako ina mitandao miwili, wenye 2.4 na wenye 5?

#22 Pweza wa Mikindani
Inayo. Nilikuwa natumia wa 5 kwa kuwa ndio wenye kasi.

#23 Herufi na Namba
Basi hapo ukuta na masafa vimesaidiana. Mawimbi ya 2.4GHz yana urefu wa sentimita 12 na nusu hivi, ya 5GHz kama sentimita 6, na haya mafupi huchoka haraka ukutani. Wa 5 una kasi, wa 2.4 unafika mbali. Printa haihitaji kasi kubwa. Waifai ya mwaka 1999 ilikuwa na megabiti 11 kwa sekunde, na hiyo inatosha kabisa kupeleka mtihani wa kurasa nne. Printa nyingi za bei ya chini zina 2.4 peke yake, wa 5 haziuoni kabisa.

#24 Kijana wa Raha Leo
Samahani wakubwa, simu yangu ni 5G. Ndiyo sababu printa ya dada haiioni hotispoti yangu?

#25 Herufi na Namba
Swali zuri, wengi linawachanganya. 5G ya simu ni kizazi cha tano cha mtandao wa minara. 5GHz ya waifai ni masafa. Zimefanana tarakimu tu. Lakini jibu lako lipo jirani: hotispoti ya simu yako huenda inarusha kwa 5GHz. Ingia setingi za hotispoti, badilisha iwe 2.4, printa itaiona. Kwenye iPhone kuna swichi ya kuongeza utangamano, inafanya kazi hiyo hiyo.

#26 Kijana wa Raha Leo
Imeonekana!! Asante sana kaka.

#27 Ngalawa 77 (Lindi)
Sasa mimi niulize. Printa yangu ina kitufe kimeandikwa WPS. Kwenye simu nina WPS ya kufungulia mafaili. Niliposhikilia kitufe nikitegemea faili litoke, taa ikaanza kupepesa, hakuna kilichotoka. Kimeharibika?

#28 Fundi wa Ligula
Ndugu yangu wa Lindi, hizo mbili zimefanana herufi tu. Ya kwenye simu ni programu ya kusomea na kuandikia nyaraka. Ya kwenye printa ni njia ya kuiunga na ruta bila kuandika paswedi. Unabonyeza kitufe cha WPS kwenye ruta, ndani ya dakika mbili unabonyeza na cha printa, zinatambuana. Taa ilikuwa inapepesa kwa sababu inatafuta ruta ya kushikana nayo.

Inafaa sana kwa printa zisizo na kioo cha kuandikia. Ila ile WPS ya kuandika pini ya tarakimu nane izimeni kwenye ruta. Tangu mwisho wa 2011 inajulikana kuwa pini hiyo inaweza kubashiriwa kwa saa chache. Ya kitufe haina shida hiyo.

#29 Ngalawa 77 (Lindi)
Nimekuelewa. Kumbe nilikuwa nabisha hodi nyumba isiyo na mtu.

#30 Mpima Korosho
Nachapisha stakabadhi msimu wa korosho, foleni ya wakulima nje na hakuna ruta kijijini. Natumia ile wanaita waifai dairekti. Printa yenyewe inarusha mtandao wake, jina linaanza na DIRECT. Unaungana nayo kama unavyoungana na ruta, unaprinti, hakuna laini wala bando. Mama Ming'oko, ukitaka kujua kama printa inakula, tumia hiyo wiki moja uone.

#31 Kibatari
Kuna mtu kaniambia ni bluutuu.

#32 Mpima Korosho
Bluutuu ni ile ya viprinta vidogo vya risiti za kukunja, vinakaa mfukoni. Umbali wake ni mita kama kumi, mwendo wake mdogo. Kwa karatasi ya A4 yenye picha utakaa usinzie.

#33 Mama Ming'oko (Mtwara)
Nimerudi na majibu. Nilifikiri nikaona kuna njia rahisi kuliko kungoja wiki. Jana nilichomoa laini kwenye ruta, nikaiacha inawaka bila laini. Nikatuma mtihani wa sayansi, kurasa 60. Zikatoka zote sitini bila intaneti ya aina yoyote. Nimempelekea jirani akaangalie mwenyewe. Kwa hiyo suala la kurasa kula bando nimelifunga, Fundi na Kondakta mlisema kweli.

Lakini! Nikarudisha laini usiku. Nikaandika salio la bando saa nne, nikazima kompyuta, sikuprinti chochote. Alfajiri salio limepungua zaidi ya megabaiti 300. Nani amekula?

#34 Fundi wa Ligula
Simu. Picha na video za WhatsApp zinajihifadhi nakala usiku simu zikiwa kwenye chaja na waifai. Simu inajua kwamba waifai ni ya bure, haijui kuwa nyuma yake kuna laini yenye bando. Nenda kwenye setingi za nakala, weka kwa mkono.

#35 Pweza wa Mikindani
Mimi bado naishuku printa. Zinajisasisha programu zake zenyewe, na nyingine zinaripoti kiwango cha wino kwa mtengenezaji. Zima huduma zake za intaneti kwenye menyu.

#36 Herufi na Namba
#35 zinaripoti kweli, lakini taarifa ya wino ni kilobaiti chache. Programu ya printa ni megabaiti makumi na haiji kila usiku. Mama, kompyuta uliizima au uliifunika? Ikiwa imelala tu, inaweza kuamka usiku kujisasisha, na hapo megabaiti 300 ni kidogo. Ingia kwenye setingi za waifai ya kompyuta, uiambie muunganisho huu unalipiwa kwa kipimo. Itaacha kushusha mizigo mikubwa bila ruhusa yako.

#37 Mama Ming'oko (Mtwara)
Niliifunika.

#38 Kondakta Mstaafu
Mama, na tiketi zako umempa nani? Basi hili lina abiria wangapi?

#39 Mama Ming'oko (Mtwara)
Nimeingia kwenye ruta kama #17 alivyoelekeza, nimeona orodha. Vyombo saba. Vyangu navijua: printa, kompyuta, simu yangu, simu ya binti, na tivii. Viwili sivijui. Paswedi niliwahi kumpa mteja mmoja apakue kazi yake, na mdogo wangu alipokuja kutoka Nachingwea.

#40 Kijana wa Raha Leo
Jirani huyo huyo aliyekwambia printa inakula bando, ndiye anayekula. Alikuwa anakupoteza njia.

#41 Mama Ming'oko (Mtwara)
Usimsingizie mtu bila ushahidi, mwanangu. Ni mama mtu mzima, ana simu ya tochi.

#42 Herufi na Namba
Mkumbuke nilichosema #12. Simu ikibadilisha MAC yake ya bandia, ruta inaiorodhesha kama mgeni. Simu ya binti inaweza kuwa imeandikwa mara mbili. Viwili usivyovijua si lazima wawe watu wawili.

#43 Ngalawa 77 (Lindi)
Au ni watu wawili. Tuseme ukweli, paswedi ukishampa mteja mmoja haibaki kwa mmoja tena. Badilisha, iwe ndefu, WPA2 (kufuli ya waifai) inaruhusu herufi 8 mpaka 63. Ila jua ukibadilisha utaiunga printa upya kuanzia mwanzo, na foleni ya walimu ikiwa nje ni adhabu.

#44 Fundi wa Ligula
Kwa kitufe cha WPS haifiki dakika mbili. Na jambo moja dogo kabla sijasahau: kasi iliyoandikwa kwenye boksi la ruta, 300, ni megabiti kwa sekunde. Bando linahesabiwa kwa megabaiti. Baiti moja ni biti nane. Kuna mteja alinigombeza kwamba ruta ya 300 inamaliza bando la megabaiti 300 kwa sekunde moja.

#45 Pweza wa Mikindani
Fundi, na kuskani je? Maana Mama anaskani vyeti vya watu.

#46 Herufi na Namba
Kuskani kwenda kwenye kompyuta hakuli bando. Kumtumia mteja ndiko kunakokula. Karatasi ya A4 kwa nukta 300 kwa inchi ni picha ya nukta 2480 kwa 3508, ya rangi ni kama megabaiti 26 kabla ya kubanwa. Vyeti vyenye maandishi matupu viskani kwa kijivu na uvihifadhi PDF, faili litakuwa dogo sana. Mama, kwa siku unawatumia watu vyeti vingapi?

#47 Mama Ming'oko (Mtwara)
Hapo mmenigusa. Wakati wa maombi ya ajira na vyuo navituma hata ishirini kwa siku, vyote vya rangi, kwa sababu nilidhani ndivyo vinavyotakiwa. Na printa hii ndiyo ya kwanza kwangu kuwa na skana. Ile ya waya haikuwa nayo.

#48 Mwalimu wa Newala
Kwa hiyo printa haili, lakini imekuletea kazi inayokula.

#49 Pweza wa Mikindani
Usiku alikuwa haskani. Zile 300 za usiku bado hazina mwenyewe.

#50 Kibatari
Mama, wiki imepita. Umebadilisha paswedi? Bando limefika siku ya ngapi?

#51 Mama Ming'oko (Mtwara)
Nimebadilisha paswedi, namba ya printa nimeitenga na haijahama tena hata umeme ulipokatika Jumatano. Kompyuta naizima kabisa. Orodha ina vyombo vinne. Bando leo ni siku ya sita na lipo. Lakini wiki hii shule zimefunga, vyeti nimetuma viwili tu, na binti yupo kwa bibi yake Masasi na simu yake.

#52 Herufi na Namba
Umebadilisha vitu vitano kwa wakati mmoja. Hatuwezi kujua ni kipi.

#53 Fundi wa Ligula
Binti akirudi, andika salio tena saa nne usiku na alfajiri. Mimi bado nasema ni nakala za picha.

#54 Pweza wa Mikindani
Na mimi bado nasema zima zile huduma za printa.

#55 Mama Ming'oko (Mtwara)
Anarudi Jumapili. Nitaandika kwenye daftari na nitaleta hapa. Mpima Korosho, ile DIRECT nimeiona kwenye simu, lakini inaniomba paswedi na ya ruta imekataa. Inakaa wapi?

#56 Mpima Korosho
Ina ya kwake. Itazame kwenye ile karatasi iliyokutoa jasho, chini kabisa.